Nilihama na Funguo za Chama

Maneno haya yalisemwa kwenye semina ya viongozi wa vyama vya jamii, wiki chache kabla ya uchaguzi wa kamati mpya. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ruhusa ya msemaji.

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa Uvira na Fizi ambao shikamoo hamkuizoea, jambo yenu. Nimepewa nusu saa, na mwenye kushika saa amekaa hapa mbele ananitazama, kwa hiyo nitaanza moja kwa moja.

Karatasi ya mwaliko inasema nitazungumza juu ya kukabidhi na kurudisha usimamizi wa akaunti za chama. Nilipoisoma nilicheka. Aliyenialika anajua vizuri kwamba mimi sikusomea kompyuta. Kazi yangu ni kupanga maboksi ghalani, zamu ya usiku. Nimeitwa kwa sababu nyingine: mimi ndiye yule katibu aliyehama na funguo za chama. Wengine mliisikia habari hiyo kwa watu. Leo mtaisikia kwa mwenyewe.

Tulipoanza chama chetu kule Louisville tulikuwa familia kama ishirini, wengi wetu tumetoka kambi ya Nyarugusu. Mimi nilikuwa kijana mwenye Kiingereza kidogo na kompyuta ya kubebeka. Basi kila jambo lilipotokea, wazee walisema, "Mpeni kijana, yeye anajua." Jina la tovuti nililinunua mimi, kwa kadi yangu ya benki, kwa imeili yangu binafsi. Google wana mpango wa bure kwa mashirika yasiyo ya faida. Niliomba mimi, tukakubaliwa, tukapata anwani za imeili zenye jina la chama. Wazee walifurahi sana siku ile. Mwenyekiti alinitumia imeili ya kwanza, imeandikwa neno moja tu: "Imefika?"

Sasa, ukifungua huduma kama ile, lazima awepo msimamizi mkuu. Huyu ndiye anayeweza kumwongeza mtu, kumwondoa, kumbadilishia neno la siri, kufungua kila chumba cha nyumba ile. Msimamizi mkuu nilikuwa mimi, peke yangu. Nami sikuona ubaya. Nani mwingine angetaka kazi hiyo?

Humo ndani niliweka daftari la msiba. Mnajua vyama vyetu. Kila familia inatoa dola 15 kwa mwezi, na akifariki mtu, chama kinatoa fungu lililokubaliwa ili mazishi yasiwe aibu. Sharti letu lilikuwa kwamba familia isiwe na deni la zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo daftari lile ndilo lililosema nani ana haki na nani hana. Zamani lilikuwa la karatasi, linakaa chini ya godoro la mweka hazina. Mimi nikalihamishia kwenye Google, nikajivuna kwamba sasa haliwezi kuungua wala kulowa. Ni kweli, halikuungua.

Halafu nilipata kazi huku Iowa. Nikaondoka haraka, kama watu wanavyoondoka wakisikia kuna kazi inayolipa vizuri zaidi: Jumamosi tulipakia gari, Jumatatu nilikuwa kiwandani. Tuliagana vizuri, tulikula, tuliomba. Hakuna aliyeniuliza juu ya akaunti, nami sikukumbuka kwamba ninazo. Nilimwachia katibu mpya faili la karatasi na muhuri. Muhuri! Tuliukabidhi mbele ya mashahidi.

Miezi minane ikapita. Jumapili moja mwenyekiti alinipata kupitia binamu yangu, maana namba yangu ya zamani haikuwa tena yangu. Akasema, "Mwanangu, mzee wetu amefariki usiku. Tufungulie daftari tuone hesabu yake." Nikamjibu, "Dakika tano, baba."

Dakika tano zile zilichukua siku tisa, na ningependa mjue siku hizo zilikwenda wapi.

Niliandika neno la siri, likakubaliwa. Kisha nikaambiwa: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi? Ile niliyokuwa nayo Louisville, iliyokuwa kwenye mpango wa familia wa rafiki niliyekaa naye. Nilipohama, aliiondoa laini yangu asilipe bure, na alikuwa na haki. Katika nchi hii namba ikiachwa, kampuni ya simu huiweka kando kwa siku 45 angalau, baada ya hapo inaweza kumpa mtu mwingine. Yangu ilishapewa mtu. Nilipiga namba yangu mwenyewe, akapokea mama mmoja Mmarekani, mpole. Nikamweleza: kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako, nakuomba unisomee. Akasema pole kwa msiba, lakini mtoto wake alimfundisha asimsomee mtu yeyote namba kama hizo. Akakata simu. Nilikasirika wakati ule. Baadaye nilimheshimu, na nitarudi kwake mbele kidogo.

Kulikuwa na anwani ya akiba ya kurudishia akaunti. Ilikuwa ya chuo nilichosoma muhula mmoja, nao waliifunga nilipoacha masomo. Zaidi ya hapo kuna namba za akiba: Google hukupa namba kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu, ili uzichapishe na kuziweka mahali salama kwa siku kama ile. Mimi nilipoonyeshwa ukurasa huo, miaka mitatu nyuma, nilibonyeza "baadaye".

Kama kungekuwa na msimamizi mkuu wa pili, hadithi ingeishia hapo. Angeingia, angenibadilishia neno la siri, na zile dakika tano nilizomwahidi mwenyekiti zingetosha kweli. Lakini nilikuwa peke yangu, kwa hiyo ikabaki njia ndefu, njia ya jina la tovuti.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo vyama vingi vinapotea. Jina la tovuti ni kama kiwanja, na imeili na kurasa zenu ni nyumba iliyojengwa juu yake. Ukipoteza funguo za nyumba lakini una hati ya kiwanja, unaweza kuthibitisha kwamba ni kwako. Google wanafanya hivyo hivyo. Wanakupa mstari wa herufi na tarakimu zisizosomeka, unaingia kwenye kampuni ambako jina lilisajiliwa, unauweka mstari ule kwenye rekodi za jina hilo, zile zinazoitwa TXT au CNAME. Google wanachungulia kwa nje. Wakiuona, wanajua kwamba anayeomba ana mamlaka juu ya kiwanja. Ndipo wanaanza kukuuliza maswali mengine.

Nikaenda kwa kampuni ya usajili. Bahati nzuri imeili yangu binafsi ilikuwa hai. Bahati mbaya, jina la chama lilikuwa limekwisha muda wake siku kumi na moja zilizopita, kwa sababu kadi yangu ya benki iliyokuwa inalipa kila mwaka nayo ilikwisha. Walinikumbusha, kwa majina kama.org na .com kanuni zinawataka wakukumbushe karibu mwezi mmoja kabla na tena wiki moja kabla. Ujumbe wote ulikuwa humo, katikati ya matangazo ya viatu.

Siku kumi na moja haikuwa hasara kubwa. Nililipa bei ya kawaida jina likarudi. Lakini ningechelewa zaidi, kampuni ingelifuta, na hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo makubwa zaidi, kisha siku tano ambazo hakuna unachoweza kufanya, kisha jina linakuwa la yeyote atakayelitaka. Fikirini mgeni analinunua. Kila barua inayotumwa kwa chama inamfikia yeye. Benki ikituma kiungo cha kubadilisha neno la siri, kinamfikia yeye. Mtu haibi nyumba tena; ananunua kiwanja tu na kungoja.

Nilipolipa ilibidi kusubiri jina lizinduke, nikaweka mstari wao, nikasubiri uonekane, nikajaza fomu, wakauliza maswali, nikajibu, wakanijibu, nikakosea kitu kimoja, nikaanza upya. Haya yote nilikuwa nafanya asubuhi nikitoka kazini, macho yamejaa usingizi. Siku ya tisa nikaingia.

Msiba wenyewe haukungoja siku tisa.

Siku ya tatu walikutana sebuleni kwa marehemu kupanga mazishi. Daftari hamna. Mweka hazina alikumbuka kwamba mzee alikuwa na deni, maana mwaka ule aliugua na kuacha kazi. Mwingine akasema hapana, alilipa. Mwingine akasema yeye pia alinyimwa siku alipofiwa kwa sababu ya deni la miezi minne, kwa nini huyu apewe bila hesabu? Nanyi mnajua maneno yanavyokwenda yakishaanza. Wakaamua kutopoteza muda, wakapitisha kofia. Walizika kwa pesa ya kofia, na mjane alikuwa amekaa pale, amesikia yote.

Daftari lilipofunguka tuliona mzee hakuwa na deni hata la siku moja. Alilipa mpaka mwezi wa kifo chake na mbele yake miezi miwili. Isitoshe, kwenye safu ya maelezo nilikuta mkono wangu mwenyewe nimeandika kwamba miezi minne mfululizo alimlipia na jirani yake aliyekuwa hana kazi. Jirani yule alikuwapo sebuleni siku ile. Alikaa kimya.

Niliendesha gari saa tisa hadi Louisville kumwona mama yule. Chama kilikuwa tayari kimemlipa fungu lake. Alinipikia chai. Nilipomaliza kuomba radhi akasema, "Mwanangu, pesa si kitu. Mume wangu waliita mdaiwa, naye bado hajazikwa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kuna waliosema mimi nilikula pesa, ndiyo maana nilificha daftari. Siwalaumu. Mtu aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo, ukimkuta hapatikani kwenye simu, utafikiri nini?

Wale waliokulia kambini wanakumbuka kadi ya chakula. Chakula kilikuwa cha familia nzima, lakini kadi ilikuwa na mkuu wa familia. Akienda Kasulu au Kigoma na kadi mfukoni, siku ya mgao nyumba nzima inahangaika kutafuta karani wa kuieleza. Hakuna aliyesema kadi ni mali yake. Ilikuwa tu mfukoni mwake. Akaunti za chama ni hivyo. Ni za chama, zimo mfukoni mwa mtu.

Lakini si kila mara ni kusahau. Mara nyingine ni kiburi, au hofu, au mtu anaamini kweli kwamba wengine wataharibu. Mwaka 2008 jiji la San Francisco lilikuwa na fundi wa mtandao anaitwa Terry Childs. Alikuwa amejenga mtandao uliounganisha ofisi za jiji, na yeye peke yake ndiye aliyejua maneno ya siri ya kuusimamia. Wakubwa wake walipoyadai alikataa, mara akatoa yasiyo sahihi. Mwezi Julai alikamatwa. Mtandao uliendelea kufanya kazi, barua zilikwenda, mishahara ililipwa, ila hakuna mtu wa jiji aliyeweza kuugusa. Siku kadhaa baadaye meya mwenyewe, Gavin Newsom, alikwenda jela, na ndiye aliyekabidhiwa maneno hayo. Mwaka 2010 Childs alihukumiwa kifungo cha miaka minne.

Sikutaja habari hii ili tuwatishe makatibu wetu. Nimeitaja kwa sababu ya jambo moja alilolisema kujitetea: kwamba waliomdai hawakuwa watu wenye idhini ya kupewa. Mahakama haikulikubali, lakini swali lenyewe ni swali zuri. Chama chako kikigawanyika kesho, na kundi moja likamwambia katibu "tupe", na jingine likamwambia "usiwape", katibu afanye nini? Atoe kwa mwenye sauti kubwa? Kwetu hatukuwa tumeandika popote nani anapokea. Sasa tumeandika mstari mmoja kwenye katiba ya chama: akaunti zote ni mali ya chama, na mwenye kuzishika anazikabidhi kwa watu waliotajwa kwenye muhtasari wa mkutano wa uchaguzi. Katibu akiulizwa, anaomba muhtasari. Hakuna anayekosana na mtu.

Namna ya kuuliza pia ni kazi. Ukimwendea kijana aliyejitolea miaka mitano bila malipo ukamwambia "leta maneno ya siri", atasikia "mwizi wewe". Nimeona urafiki ukivunjika hivyo, na akaunti zikapotea pamoja na urafiki. Basi msimwulize siku ya ugomvi. Mwulizeni sasa, wakati mnapendana, na mwanze kwa kumshukuru mbele za watu. Mwenyekiti wetu wa sasa huwa anasema, "Tumekuja kukupunguzia mzigo." Na ni kweli, ni mzigo.

Nikubalieni sasa niseme jinsi tunavyokabidhi. Hatuandikiani neno la siri kwenye WhatsApp, wala hatushirikiani neno moja watu wanne. Kila kiongozi ana akaunti yake. Wasimamizi wakuu wawe wawili, watatu si vibaya, na wasiwe wa nyumba moja. Mume na mke wakihama, wanahama wote. Siku ya makabidhiano tunakaa meza moja. Msimamizi wa zamani anampandisha mpya kuwa msimamizi mkuu. Mpya anaingia kwa simu yake mwenyewe, pale pale, anafungua daftari, anasoma kwa sauti jina la kwanza kwenye orodha. Akishafaulu, yeye ndiye anayemshusha wa zamani. Msigeuze utaratibu huu. Nimesikia chama kilichomshusha wa zamani kwanza kwa furaha ya uchaguzi, halafu wakabaki wanatazamana.

Wala msifute akaunti ya anayeondoka siku hiyo hiyo. Mafaili aliyoyatengeneza yanahesabiwa kuwa yake. Yahamishieni kwa mtu mwingine kwanza. Mkifuta kwa haraka, kwenye huduma ile ya Google mna siku 20 za kumrudisha, zikipita mafaili yamekwenda.

Namba ya simu inayopokea uthibitisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ibadilisheni hapo mezani. Na zile namba kumi za akiba zichapisheni. Sisi tunaziweka kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, moja kwa mweka hazina na moja kwa mama mmoja ambaye hana cheo chochote ila hajawahi kuhama tangu afike Marekani.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, kwa anwani ya chama, na lilipwe kwa kadi ya chama. Kwenye akaunti ya usajili imeili isiwe ile inayotegemea jina lile lile, maana jina likizimika na imeili inazimika, mtakuwa mmefungia funguo ndani ya gari.

Upande wa serikali una mlango wake. Wenye chama kilichosajiliwa mna namba ya EIN, na IRS wanayo kumbukumbu ya mtu anayehusika na namba hiyo. Kwetu nilikuwa mimi. Mtu huyo akibadilika, kuna fomu inaitwa 8822-B, nayo inatakiwa kutumwa ndani ya siku 60. Ni fomu fupi. Barua ya EIN ikipotea, mnaweza kuwapigia IRS na kuomba barua ya uthibitisho inayoitwa 147C, lakini watataka kuongea na mtu mwenye mamlaka, na ndiyo maana jina lililo kwao linapaswa kuwa la mtu aliyepo.

Kisha ile taarifa ya kila mwaka. Chama kidogo, ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, kinatuma 990-N, na inatumwa kwa mtandao tu. Kama mwaka wenu wa hesabu unaisha Desemba, mwisho ni tarehe 15 Mei. Ni maswali machache, inajazwa kwa muda wa chai. Msipoituma miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi unafutwa wenyewe, bila kikao, bila huruma. Kuurudisha ni kuomba upya na kulipa, dola 275 au 600 kulingana na fomu. Kuna vyama vilivyokoma namna hii ilhali pesa zao zilikuwa safi kabisa. Aliyekuwa anatuma alihama tu. Habari njema ni kwamba hapa huhitaji akaunti ya yule wa zamani. Kiongozi mpya anafungua yake mwenyewe na kuingiza EIN ya chama.

Benki sitasema sana. Nyingi huomba muhtasari wa uchaguzi wenye saini na watu wafike wenyewe na vitambulisho. Nendeni pamoja, wa zamani na wapya, wiki ile ile ya uchaguzi.

Grupu la WhatsApp, nalo mlitazame. Admini wa pekee akijitoa, WhatsApp inachagua mtu yeyote ndani ya grupu na kumpa uadmini. Grupu moja la msiba ninalolijua, uadmini ulimwangukia kijana aliyeingia ili auze magari. Kwa wiki nzima tulisoma matangazo ya Toyota kabla hajakubali kumpandisha mzee.

Nilisema nitarudi kwa yule mama Mmarekani. Ukishatangaza kwamba umepoteza akaunti, watakuja watu. Watakuandikia kwenye Facebook kwamba wao ni mafundi wa kurudisha akaunti, wanataka dola 200 kwanza. Mwingine atapiga simu akisema ni Google, akuombe usome namba iliyoingia kwenye simu yako. Akizipata hizo namba, sasa akaunti imepotea kweli. Mimi mwenyewe, kwa nia njema kabisa, nilimwomba mgeni afanye jambo ambalo wezi huomba, tena kwa sauti ile ile ya haraka na ya msiba. Alifanya sawa kunikatia. Wafundisheni mama zenu wafanye kama yeye, hata anayepiga akisema Kiswahili, hata akitaja jina la kijiji chenu.

Mwenye saa ananyoosha kidole. Nimeona, ndugu yangu.

Nimekuja na kompyuta mbili, ziko meza ile ya nyuma karibu na chai. Kama wewe ndiye unayeshika akaunti za chama chako, na kiongozi mwenzako yupo hapa ukumbini, njooni wote wawili. Kumwongeza msimamizi wa pili hakuzidi robo saa. Msiandike neno la siri mbele yangu, mimi nitageuka niangalie ukuta. Na wale wa chama changu cha zamani mliosafiri kutoka Louisville, bahasha ya mama imechanika pembeni, nimeiona jana. Tuchapishe nyingine kabla hamjaondoka.